Wabunge wasitutupie sisi mzigo wa ndoa za jinsia moja

Mhariri,

Kuna msomaji mwenzangu mliichapa barua yake juzi, akasema hili suala la ndoa za jinsia moja lisitupe presha bure, wananchi wapige kura, wengi wakisema ndiyo iwe ndiyo na wakisema hapana iwe hapana, mambo yaishe tulale. Nikasoma mara mbili. Kwa kweli mara ya kwanza nilikubaliana naye mia kwa mia, maana nani atabisha na wengi wape, lakini mara ya pili maswali yakaanza kuja moja baada ya jingine na barua yake haikuyagusa hata kidogo, ndio maana na mimi nimeamua kuandika.

Kabla sijaenda mbali niseme kwamba msimamo wangu kuhusu ndoa yenyewe siuleti hapa. Mwenye kutaka kunijua mimi ni mtu wa upande gani atakisia mwenyewe. Ninachotaka kujadili ni nani aamue, na hilo ni swali jingine kabisa, ila watu wanayachanganya hayo mawili kila siku mpaka mtu ukisema neno moja tu tayari umeshapangiwa kundi.

Halafu tuambiane ukweli, ukiangalia vizuri karibu kila anayepiga kelele wananchi waamue anapiga kelele hizo kwa sababu ameshapiga hesabu akaona wananchi wa kwao wako upande wake. Siku akiona wamegeuka utamsikia anasema aa, mambo mazito haya yana utaratibu wake, waachiwe wabunge. Na wa upande wa pili hivyo hivyo, wakishindwa kwenye kura wanasema haki za watu hazipigiwi kura, wakishinda wanasema sauti ya watu imesikika. Ireland mwaka 2015 waliounga mkono ndoa hizo walishangilia kura ya maoni kama sikukuu, wakapata asilimia 62. Mwaka huohuo Desemba, Slovenia, bunge lilikuwa limeshapitisha sheria tangu Machi, wapinzani wakalazimisha kura ya maoni, sheria ikaangushwa kwa asilimia 63 na ushee, na sasa walioshangilia ni wale wengine. Sasa hapo nani anaipenda kura ya maoni kwa dhati? Hakuna. Kila mtu anatafuta refa atakayempa penalti.

Kwa hiyo mimi nilijipa zoezi, nikajiuliza kama nisingejua kabisa matokeo yatakuwaje, yaani sijui wengi wako wapi, ningependa suala kama hili liende wapi? Na jibu langu ni bungeni. Si kwa sababu nawapenda wabunge, Mungu anisamehe, nitawasema huko mbele. Ni kwa sababu nimeshaiona kura ya maoni kwa karibu.

Niliwahi kuwa karani wa kituo cha kupigia kura siku ya kura ya maoni, suala lenyewe lilikuwa lingine halihusiani na ndoa kabisa. Asubuhi akaja bibi mmoja ameshikwa mkono na mjukuu wake, mjukuu akabaki mlangoni, bibi akaja mezani. Nikamwamkia, akaitikia, nikampa karatasi. Akaiangalia. Akaiangalia weee, foleni nyuma ikaanza kuguna. Akaniita, "Mwanangu, mimi nataka yabaki kama yalivyo. Sasa niweke wapi hapa?" Nikamwambia bibi siruhusiwi kukuonyesha pa kuweka, ninachoweza ni kukusomea swali tu. Nikamsomea. Swali lenyewe refu, lina "isipokuwa" ndani yake na "kwa mujibu wa", mimi mwenyewe nilikuwa nimelisoma mara tano usiku wa jana yake ndio nikalielewa. Akanisikiliza vizuri tu halafu akasema, "Haya, nimesikia. Sasa ya kubaki yalivyo ni ndiyo au ni hapana?" Nikamsomea tena, nifanye nini. Akaingia kwenye kile kibanda akakaa humo, akatoka ameikunja karatasi mara nne kama hirizi, akaitumbukiza, akaondoka. Usiku wakati wa kuhesabu nilikutana nayo ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imewekwa alama upande wa mabadiliko. Sina uhakika asilimia mia kama ni yake, wengine pia wanaweza kukunja hivyo, lakini moyo uliniuma mpaka leo.

Mtu atasema huyo alikuwa bibi mzee. Sawa. Basi tuchukue jimbo la Maine kule Marekani. Mwaka 2009 bunge lao lilipitisha sheria ya ndoa za jinsia moja na gavana akasaini, wapinzani wakakusanya saini, Novemba swali likapelekwa kwa wananchi, je mnataka kuikataa sheria hii mpya? Ndiyo ikashinda, sheria ikafa. Mwaka 2012 likapelekwa swali jingine, je mnataka kuruhusu? Ndiyo ikashinda tena, sheria ikawa hai. Ona, jimbo lilelile, miaka mitatu tu katikati, Ndiyo imeshinda mara zote mbili na maana ni kinyume. California nako mwaka 2008 ilikuwa ukitaka kuzizuia hizo ndoa unaweka Ndiyo na ukitaka ziendelee unaweka Hapana. Sisemi kwamba watu hawakuelewa, wengi walielewa bila shaka, lakini aliyeandika swali ana nguvu kuliko anavyoonekana, na huyo hakuna aliyemchagua kwa kazi hiyo.

Na hao "wengi" wenyewe ni wangapi? Hapa ndipo huwa nachoka. Kroatia mwaka 2013 walipiga kura ya maoni kuandika kwenye katiba kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, ikapita kwa karibu asilimia 66, ushindi mkubwa huo ukiusikia redioni. Lakini waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia 38. Piga hesabu mwenyewe, ni kama mtu mmoja kati ya wanne wenye haki ya kupiga kura. Ile ya Slovenia waliojitokeza ni asilimia 36 hivi, nayo walioikataa sheria hawafiki hata robo ya wapiga kura wote. Romania mwaka 2018 walifanya kura kama hiyo ya Kroatia siku mbili nzima, Jumamosi na Jumapili, saini zilizoleta jambo hilo zilikuwa milioni 3, na bado waliojitokeza ni kama asilimia 21 wakati sheria inataka 30, kura ikaharibika. Watu walikaa majumbani kwao. Sasa tukisema wananchi wameamua, tunamaanisha wananchi wepi, waliokuja au waliobaki nyumbani?

Halafu kuna zile kura za kifurushi. Kenya Agosti 2010 wananchi waliipitisha katiba mpya yenye ibara 264, na ndani yake ibara ya 45 inasema kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Cuba nako mwaka 2022 walipitisha sheria mpya ya familia kwa karibu asilimia 67, imo ndoa ya jinsia moja, imo malezi ya watoto, yamo ya mababu na mabibi, yamo mambo chungu nzima. Matokeo ya nchi hizi mbili ni tofauti kama mbingu na ardhi lakini swali langu ni moja, kati ya walioweka alama ni wangapi waliweka kwa sababu ya kipengele hicho? Hakuna anayeweza kujua. Kura moja, alama moja, na baada ya hapo kila mwanasiasa anasimama kwenye jukwaa anasema wananchi walishaamua kuhusu hili. Waliamua kuhusu kitabu kizima jamani.

Sasa njoo bungeni. Mbunge naye anaweza kuwa mvivu, mwoga, mnafiki, yote nakubali, lakini ana kitu kimoja ambacho sisi kwenye kibanda hatuna. Jina lake linaandikwa. Mimi nikiweka alama yangu nikatoka, hakuna anayeniuliza kitu, hata nikiwa nimekosea, hata nikiwa niliweka kwa hasira za siku ile. Mbunge anaulizwa. Angalia New York, Desemba 2009 mswada wa ndoa za jinsia moja ulikataliwa na Seneti ya jimbo kwa kura 38 kwa 24. Ukarudi Juni 2011, Ijumaa usiku, ukapita kwa 33 kwa 29, na uliopita nao ni kwa sababu maseneta wanne wa chama cha Republican walivuka mstari wakaungana na wenzao wa upande wa pili. Uchaguzi uliofuata mwaka 2012, kati ya hao wanne aliyerudi Seneti ni mmoja tu. Mwingine hakugombea, mwingine aliangushwa ndani ya chama, mwingine akaangushwa kwenye uchaguzi wenyewe. Uwe unawapenda au unawachukia, lakini hao walilipa. Wapiga kura wao walijua nani alifanya nini na wakawahukumu. Huo ndio uwajibikaji tunaouimba kila siku, na kwenye kura ya maoni haupo, kwa sababu huwezi kuwafukuza kazi wananchi.

Australia ndiyo habari yenyewe, na hapa naomba mnivumilie maana nimeifuatilia sana. Bunge la Australia lilikuwa na uwezo kabisa wa kubadilisha sheria ya ndoa, katiba yao haikuwadai kura ya maoni kama ile ya Ireland ambako ukitaka kugusa katiba lazima uende kwa wananchi. Lakini serikali ikawa inaogopa mgawanyiko ndani ya chama chake, ikasema tuwaulize wananchi. Seneti ikakataa kupitisha sheria ya kura hiyo. Serikali ikazunguka mlango wa nyuma, ikatumia idara ya takwimu, ndiyo, idara ya takwimu, kutuma fomu kwa posta nchi nzima kuanzia Septemba 2017, mtu anajaza kwa hiari yake anairudisha kwa posta, na matokeo yenyewe hayalazimishi bunge kufanya chochote. Zaidi ya dola milioni 80 za huko zilikwenda humo. Zikarudi fomu zaidi ya milioni 12, asilimia 61.6 wakasema ndiyo. Halafu? Halafu wakarudi palepale bungeni, mswada ukajadiliwa, Seneti ikapitisha kwa 43 kwa 12, na Desemba 7 bunge la wawakilishi likapitisha, waliopinga ni wanne tu. Kazi ileile ambayo wangeweza kuifanya tangu mwanzo. Katikati hapo familia zikakaa miezi miwili na zaidi zinasikia nchi nzima inajadili kwenye televisheni kama zinastahili au hazistahili.

Lakini kilichonivutia zaidi ni siku ya kupiga kura bungeni. Tony Abbott, waziri mkuu wa zamani, ambaye enzi zake ndiyo hilo wazo la kuwauliza wananchi lilianzia, alikuwa anapinga ndoa hizo waziwazi. Jimbo lake likarudisha asilimia 75 ya ndiyo. Siku ya siku akatoka ukumbini, hakupiga kura. Upande mwingine kuna Jason Clare, jimbo lake la Blaxland huko Sydney lilirudisha asilimia 74 hivi ya hapana, hakuna jimbo nchi nzima lililokataa kuliko hilo, na yeye akapiga kura ya ndiyo. Sasa niambieni, kama kanuni ni wengi wape, wengi wa wapi? Wengi wa nchi au wengi wa jimbo lililokuchagua? Abbott angefuata jimbo angesema ndiyo, angefuata nchi angesema ndiyo, akafuata mguu akatoka nje. Clare angefuata jimbo lake angesema hapana, akafuata nchi au akafuata dhamiri yake. Mimi kati ya wawili hao namheshimu zaidi Clare, si kwa sababu ya kura aliyoipiga, hata angesema hapana ningemheshimu, ni kwa sababu alikaa kwenye kiti chake akahesabiwa.

Mambo haya si mapya. Edmund Burke, mwanasiasa wa Uingereza, aliwaambia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 kwamba mbunge anadaiwa nao akili yake siyo bidii yake tu, maneno mazuri sana, ila miaka 6 baadaye aliona upepo umebadilika akajiondoa kwenye kinyang'anyiro hukohuko Bristol. Ndio ninavyosema, analipa.

Sasa kuna jambo ambalo ndilo linalonisumbua kuliko yote na yule msomaji mwenzangu hakuligusa kabisa. Kura ya wengi inafanya kazi vizuri pale ambapo wote tutabeba matokeo sawasawa. Kodi ikipanda inapanda kwangu na kwako. Barabara ikipita kushoto wote tunapita kushoto. Lakini hapa watu wengi wanapiga kura juu ya maisha ya watu wachache, na matokeo yoyote yatakayotoka asubuhi yake wale wengi wanaamka hawajaguswa, ndoa zao ziko palepale. Uswisi mwaka 1959 wanaume peke yao walipiga kura kuamua kama wanawake wapewe haki ya kupiga kura, theluthi mbili wakasema hapana. Wanawake wakasubiri mpaka 1971 wanaume walewale walipobadilisha mawazo. Huo ulikuwa wingi wa kura halali kabisa, umehesabiwa vizuri, hakuna wizi, na aliyekuwa anaamuliwa hakuwa na karatasi mkononi. Marekani nako mwaka 1958 taasisi ya Gallup iliuliza watu kuhusu ndoa kati ya weusi na weupe, waliokubali walikuwa asilimia 4. Nne! Mwaka 1967 Mahakama ya Juu yao ikafuta sheria zote zilizokuwa zinazuia, mwaka uliofuata bado waliokubali walikuwa watu 20 katika 100. Ingesubiriwa wengi wakubali ingefika miaka ya tisini. Na Alabama maneno ya kuzuia ndoa hizo yalibaki kwenye katiba ya jimbo mpaka mwaka 2000, yalipopigiwa kura ya kuyafuta karibu watu 40 katika kila 100 walitaka yabaki.

Najua mtu atadakia, haya ya rangi na haya ya jinsia si kitu kimoja. Inawezekana, kila mtu ana mzani wake, ndiyo maana nimesema silihukumu hilo hapa. Ninachosema ni kwamba idadi peke yake haikuambii kama jambo ni la haki, inakuambia ni watu wangapi tu.

"Basi si tuwaachie majaji," utasema. Majaji nao wana lao. Mahakama ya juu ya Iowa, jimbo jingine la Marekani, iliruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2009, majaji wote walikubaliana, na mwaka uliofuata majaji watatu waliofikiwa na kura ya kubakishwa kazini wananchi wakawaondoa wote watatu. Na ile hukumu ya Juni 2015 iliyoziruhusu Marekani nzima ilipita kwa majaji watano dhidi ya wanne, jaji mmoja angeamka vibaya nchi ingekuwa na sheria nyingine, na Jaji Mkuu John Roberts, mmoja wa wanne waliopinga, alilalamikia hilohilo, kwamba mjadala wa watu umekatwa katikati. Mimi naona alikuwa na hoja. Mtu aliyeshindwa bungeni anajua ameshindwa na watu anaoweza kuwaondoa, aliyeshindwa mahakamani anaona ameshindwa na ukuta.

Kilichonifurahisha mimi ni pale ambapo mahakama ilirudisha kazi bungeni na kumpa mbunge saa. Afrika Kusini, Desemba 1, 2005, Mahakama ya Katiba ilisema sheria ya ndoa inabagua, lakini haikuandika sheria mpya, iliwapa wabunge miezi 12. Bunge likazunguka mikoani kusikiliza watu, watu wakaja wakasema waliyokuwa nayo moyoni, wengi wao wanapinga vikali, ikafika Novemba 2006 likapitisha kwa kura 230 kwa 41 na ikaanza kutumika Novemba 30, siku moja kabla saa haijagonga. Walimweka ndani yake msajili wa ndoa wa serikali ambaye dhamiri inamkataza, aruhusiwe kukataa. Baadaye bunge likaona kipengele hicho kinaleta shida, watu wanafika ofisini hawapati wa kuwafungisha, mwaka 2020 likakifuta. Umeona? Waliandika, wakaona kasoro, wakarekebisha. Karatasi ya kura haina sehemu ya kuandika "isipokuwa msajili asiyetaka", ina ndiyo na hapana tu.

Taiwan walikuwa na kisanga kikubwa zaidi. Mahakama Mei 2017 iliwapa miaka miwili. Mwaka 2018 ikaja kura ya maoni, zaidi ya watu milioni 7 wakasema ndoa kwenye sheria ya madai ibaki ya mwanamume na mwanamke. Bunge likabanwa huku na huku kama nyama ya mkate. Wakafanya nini? Hawakuigusa ile sheria ya madai hata herufi moja, wakaandika sheria ya pembeni, na jina lake hawakuiita sheria ya ndoa wala ya nini, waliiita sheria ya kutekeleza tafsiri ya mahakama namba 748. Basi. Namba tu. Mei 17, 2019 ikapita, na wiki iliyofuata watu wakaanza kusajili ndoa zao. Wapo waliosema ni ujanja, na mimi nasema ndiyo ni ujanja, hiyo ndiyo kazi tunayowalipa mishahara waifanye, kutafuta njia ambayo watu wanaochukiana wanaweza kuishi nayo. Umati wa watu milioni 7 hauwezi kukaa mezani kutafuta jina la sheria.

Maana ndoa kisheria si neno moja. Ni nani anarithi, nani anasaini mgonjwa afanyiwe upasuaji, pensheni inakwenda kwa nani, mtoto aliyelelewa na wawili wakiachana anakaa wapi, mgeni aliyefunga ndoa nje akiingia nchini anahesabiwa vipi. Hayo yote lazima mtu akae ayaandike, sentensi kwa sentensi, na hata walioanza na kura ya maoni waliishia bungeni kuyaandika.

Nilisema nitawasema wabunge. Nawasema. Wakiamua kujificha wana maficho mengi. Kuna wanaopiga kura kwa kupaza sauti, ndiyooo, siooo, spika anasikia anachotaka kusikia na hakuna rekodi ya mtu mmoja mmoja. Kuna wanaofuata mnadhimu wa chama hata karatasi hawajaifungua. Na Uganda sheria yao ya mwaka 2014 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ilifutwa na mahakama Agosti mwaka huohuo kwa sababu akidi haikutimia siku ilipopitishwa, yaani jambo ambalo nchi nzima ilikuwa inaambiwa ni la kufa na kupona, ukumbini hawakuthibitisha hata kama watu wanatosha. Hapo sina cha kuwatetea.

Na wananchi wasikae nje ya mlango. Ireland kabla ya ile kura yao walikusanya watu 100, wananchi wa kawaida 66 waliopatikana kwa bahati nasibu, wanasiasa 33 na mwenyekiti, wakakaa wikendi wakasikiliza wataalamu na watu wenye hadithi zao, wakabishana ana kwa ana, na asilimia 79 wakapendekeza. Hiyo naipenda kuliko kura yenyewe iliyokuja baadaye, kwa sababu pale mtu alilazimika kumwangalia mwenzake usoni anapomwambia hapana. Uswisi nao wana utaratibu wao, bunge linaandika kwanza, wanaopinga wakipata saini 50,000 ndani ya siku 100 basi inakwenda kwa wananchi, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 2021 ikapita kwa asilimia 64. Angalau hapo mpiga kura anaulizwa juu ya sheria iliyoandikwa mpaka nukta ya mwisho, siyo swali la mstari mmoja.

Kwa hiyo kwa yule msomaji mwenzangu namwambia hivi ndugu yangu, mimi na wewe pengine tunakubaliana kuhusu ndoa yenyewe au pengine hatukubaliani, ila usiwape hao waheshimiwa nafasi ya kukaa kimya wakatuachia sisi tugombane majirani kwa majirani halafu waje kusema wao wanaheshimu tu maamuzi yetu. Mswada kama huo ukija, uwe wa kuruhusu au wa kukataza, tudai upigiwe kura kwa kuitwa majina, mmoja mmoja, asimame aseme ndiyo au hapana na aliyetoka nje aandikwe katoka nje.

Na wewe mhariri, siku hiyo ikifika tunaomba ukurasa mzima. Orodha yote, jina, jimbo, na alichosema. Msitupunguzie.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
karani mstaafu